Uzinduzi wa Mtandao Nyumbani kwa Baba Mdogo

Umma wa Moshono, wa Arusha mjini na wa vitongoji vyote vinavyouona Mlima Meru bila kulipia, unatangaziwa kwamba nyumba mpya ya Baba Mdogo Elieza ni ya kwanza katika kata yetu kuwa na Mpango Mkuu wa Mawasiliano ya Ndani. Nyumba nyingine zina waifai tu. Yetu ina Mpango.

Mimi Agnela ni Katibu wa Kamati iliyouandaa Mpango huo, na ndimi ninayeandika taarifa hii. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Baba Mdogo aliniteua kwa maneno haya: "Agnela, wewe unaweza kuandika sentensi ndefu isiyosema kitu. Njoo utusaidie." Nilikubali uteuzi, lakini kwa heshima ya msomaji nitaandika fupi.

Kwanza mumjue mwenye nyumba. Baba Mdogo ni Mratibu Msaidizi Mwandamizi katika idara moja inayoshughulikia mawasiliano. Kazi yake ni kuwaratibu waratibu. Aliajiriwa enzi zile kampuni ya simu ilikuwa moja, mtu anaomba laini akiwa kijana na kuipata akiwa babu. Ofisini kwake palikuwa na simu ya kuzungusha iliyopigwa kufuli, na ufunguo wake aliuvaa shingoni, chini ya tai. Ndipo likaja soko huria. Kampuni zikawa nyingi, laini zikauzwa barabarani pamoja na karanga, na wachunga mbuzi wakaanza kupigiana simu bila kibali cha mtu yeyote. Baba Mdogo hakupinga. Alisema tu kwamba soko huria limeleta simu na kusahau utaratibu, na kwamba siku akijenga, ataurudisha utaratibu angalau ndani ya uzio wake.

Akajenga. Mawe meusi ya kuchonga, kuta nene kama za benki, na juu zege badala ya bati, kwa sababu bati hupitisha kelele na kelele hazina heshima. Ndani ya nyumba hiyo simu ya mkononi haifai kwa lolote ila kujitazama meno. Hata nje, kwa kuwa tuko bondeni, lazima upande ngazi ya tangi la maji ndipo usikie sauti ya mtu, tena kwa vipande. Baba Mdogo aliipokea hali hiyo kwa furaha kubwa. Ilithibitisha kwamba Mpango unahitajika.

Na kwetu huku hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, na msiba unaundiwa kamati kabla marehemu hajapoa. Mtandao nao ukapata yake. Mwenyekiti, Baba Mdogo. Makamu, mke wake, Mama Mdogo Skolastika. Mtaalamu Mwalikwa, fundi Yona mwenye duka la vifaa kule mtaa wa Daraja Mbili. Katibu, mimi. Bibi Elinipa, mama mzazi wa Baba Mdogo, aliyeletwa kutoka Maji ya Chai aje apumzike kwa mwanawe, alipewa nafasi ya Mlezi. Mlezi ni mtu anayekaa kikaoni na haulizwi kitu.

Kikao cha kwanza kilijadili mahali pa kuweka ruta.

"Mzee, hii ni rahisi," alisema fundi Yona. "Tunaipachika hapa koridoni, katikati ya nyumba. Vyumba vyote vinapata, freshi kabisa."

"Koridoni?" Baba Mdogo alivua miwani. "Mtandao ukae koridoni kama ndoo na fagio?"

"Ndiyo katikati, mzee. Unagawanyika sawasawa."

"Sawasawa na nani?"

 Swali hilo halifundishwi chuoni. Baba Mdogo akafafanua kwamba katika serikali hakuna kitu kinachogawanyika sawasawa, si gari, si posho, si hata kivuli cha maegesho, na kwamba mtandao utashuka kutoka juu kwenda chini kwa kufuata cheo.

Fundi Yona si mjinga. Aligundua kwamba kila ushauri wake unapokataliwa, duka lake linauza kifaa kingine. Tangu hapo akaacha kushauri.

Ugawaji ukapitishwa hivi. Sebule ya wageni ilipewa Mtandao Daraja la Kwanza, na ruta iwekwe humo, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma. Sebule hiyo hufungwa kwa ufunguo mwaka mzima na makochi yake bado yako kwenye nailoni, kwa hiyo kasi ya mtandao isingeharibiwa na watumiaji. Chumba cha Baba Mdogo kilipewa Daraja la Pili, kwa unyenyekevu. Jiko lilipewa mtandao wa wastani. Banda la ng'ombe lilipewa simu ya mezani kabla ya jiko, kwa kuwa ng'ombe alipatikana kwa mradi na miradi huja na masharti.

Hapo Bibi akanyoosha mkono.

"Na mimi nitamwonaje mtoto wa Stanley?"

Stanley ni kifungua mimba wa Baba Mdogo. Yuko Ujerumani, anauguza wazee, ameoa hukohuko, na wakati huo mkewe alikuwa na ujauzito mkubwa.

"Mama," alisema Baba Mdogo kwa upole wa kiofisi, "hilo linaingia kwenye Mengineyo."

"Mengineyo ni lini?"

"Mwishoni."

"Mwishoni mwa nini, Elieza?"

Kikao kikaahirishwa.

Tulipofika kwenye simu za mezani, kila chumba kilipata yake, na zote zikapita kwenye mtambo mmoja uliowekwa kando ya kiti cha Baba Mdogo. Mtu yeyote akitaka kuongea na mtu yeyote, lazima aombe kuunganishwa. Siku ya majaribio Mama Mdogo alikuwa jikoni akipika machalari, ndizi zetu za nyama, na mlango ulikuwa wazi. Kutoka jikoni hadi kwenye kiti hicho, ukirusha ndizi inafika.

"Hallo," alisema Mama Mdogo.

"Jitambulishe," alisema Baba Mdogo.

"Baba Stanley, si unaniona?"

"Kukuona siyo utambulisho."

"Ni Skolastika. Machalari yameiva."

"Unataka kuzungumza na nani?"

"Na wewe."

"Subiri kwenye laini, nakuunganisha."

Akabonyeza, akapiga kimya cha kutosha, akabonyeza tena, akabadilisha sauti. "Hallo? Elieza hapa."

"Machalari yamepoa," alisema Mama Mdogo, akakata.

Kamati iliandika kwamba majaribio yamefaulu.

Getini nako tuliweka simu. Kengele ya zamani iling'olewa. Mlinzi wetu Anaeli, aliyekuwa akifungua geti kwa kusikia honi, alihamishiwa kwa ng'ombe kwa kuwa kazi yake ilichukuliwa na teknolojia. Sasa mgeni angebonyeza kitufe, simu ingelia kwenye mtambo, Baba Mdogo angemhoji, na akiridhika geti lingejifungua lenyewe.

Basi kazi ikaisha. Taa za kijani zikawaka kabatini kama macho ya paka. Kila kitu kikawa tayari. Nikatoa simu yangu nijiunge.

Baba Mdogo akanipiga mkono.

"Umewahi kuona watu wakipita kwenye daraja kabla halijazinduliwa?"

Nimewahi. Wote hupita. Lakini halikuwa swali la kujibiwa. Alitoa mfukoni utepe mwekundu, akaizungushia ruta, akafunga kifundo cha kipepeo. Mtandao, alisema, upo, lakini haupo rasmi. Utakuwepo rasmi pale mgeni rasmi atakapokata utepe. Mgeni rasmi atakuwa mkuu wake wa kazi, Mkurugenzi Thomasi, ambaye ratiba yake ina nafasi Jumapili fulani baada ya ibada. Hadi siku hiyo, simu zisipokelewe, geti lisijifungue, na mtu asiiguse hewa ya Mpango.

Tukaishi hivyo, nyumba yenye mtandao kila ukuta, tukipanda ngazi ya tangi, na sisi na wageni tukiingilia mlango mdogo wa ng'ombe.

Sitakuwa mkweli nisipolitaja tatizo la Loishiye. Huyu ni Mwarusha mwenye kibanda cha nyama choma ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu. Amewawekea wateja wake waifai ya bure, kwa ruta moja iliyoning'inizwa kwenye msumari karibu na mapaja ya mbuzi. Mtandao huo ulivuka barabara na kuingia kwenye kiwanja chetu bila kubisha hodi. Baba Mdogo aliugundua aliposhangaa kwa nini Mama Mdogo anaanika nguo kwenye kona moja tu ya uzio, na kwa nini soksi mbili zinachukua asubuhi nzima.

Tukaenda, mimi na Mwenyekiti, kuwasilisha malalamiko.

"Loishiye," alisema Baba Mdogo, "mtandao wako unavamia kiwanja changu."

"Pole, mzee. Hata moshi wa nyama unaingia kwako. Hujawahi kulalamika."

"Moshi ni mazingira. Siyo idara yangu."

"Sasa nifanyeje?"

"Uuzuie mpakani."

Loishiye alifuta kisu kwenye aproni, akaitazama barabara upande huu na upande ule. "Nionyeshe unapopita, mzee, nikasimame hapo na rungu."

Wateja walicheka. Mmoja alicheka hadi akapaliwa na ndizi ya kuchoma. Baba Mdogo alirudi nyumbani, akabandika kwenye uzio kibao kilichosema, MWISHO WA MTANDAO WA KIBANDA. Kisha Kamati ikapitisha azimio kwamba mwanafamilia yeyote haruhusiwi kutumia mtandao wa kigeni. Mama Mdogo aliunga mkono, akaenda kuanua soksi.

Ndipo mtoto wa Stanley akazaliwa. Wa kiume.

Hapa niwaeleze desturi yetu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Lakini jina halijipi lenyewe. Linatamkwa na mkubwa wa ukoo kwa mdomo wake, mtoto akisikia, kabla ya maji ya ubatizo. Mkubwa kwetu ni Bibi Elinipa. Stanley aliwaeleza wakwe zake, nao wakakubali kwa moyo mweupe: Bibi atokee kwenye simu ya video kanisani, aseme jina. Asipotokea, basi mtoto atachukua jina la babu mzaa mama, kwa sababu mchungaji wa kule akishaanza hamsubiri mtu. Jina hilo ni Detlef.

Tulilijaribu mezani. Mama Mdogo alifika "Dete" akakwama. Bibi alisema ni jina la dawa ya kuosha vyombo.

Baba Mdogo alitembea nyumba nzima akijisemea "Elieza Mdogo, Elieza Mdogo," mara kwa sauti ya babu, mara kwa sauti ya mwalimu anayeita majina. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, hata cheo. Siku ya ubatizo ikapangwa, na kwa maajabu ya kalenda ikawa Jumapili ileile ya uzinduzi, saa ileile.

Kamati iliona baraka tupu. Mkurugenzi atakata utepe, na papo hapo Bibi atatamka jina la Elieza kwenye televisheni kubwa mbele ya wageni. Ratiba ilikiita kipengele hicho Mawasiliano ya Kwanza Rasmi.

"Na Mkurugenzi akichelewa?" niliuliza.

"Mkurugenzi hachelewi," alisema Baba Mdogo. "Inaweza tu kutokea shughuli ikamtangulia."

Jumapili ikafika. Sebule ya wageni ilifunguliwa, na makochi ya nailoni yakawa yanalia chini ya waalikwa kila mtu alipojisogeza. Mama Mdogo alitandika kitambaa kwenye sinia, juu yake mkasi. Fundi Yona alivaa suti ya mtu mwingine. Bibi alikaa mbele kabisa na kitenge chake cha kanisani, akirudia jina midomoni asije akajikwaa: Elieza, Elieza. Baba Mdogo alisimama kando ya kabati, mkono mmoja ukigusa utepe kama bwana harusi aliyeshika shela.

Tukasubiri. Soda zikapoteza ubaridi. Mchana ukaanza kuinama.

Ghafla mtambo ukalia. Krrrii! Krrrii! Watu wakaruka, nailoni zikapiga kelele. Mama Mdogo akanyoosha mkono.

"Isipokelewe!" Baba Mdogo alifoka. "Haijazinduliwa!"

Mkono ukarudi. Simu ikaendelea kulia mbele yetu, safi, kali, kila mlio umekamilika. Mwalikwa mmoja alisema hajawahi kusikia simu inayolia vizuri hivyo. Mwingine alisema ni kwa sababu ya waya wa ndani ya ukuta. Ikanyamaza. Ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, nasi tukaipigia makofi.

"Baba Stanley," alisema Mama Mdogo, "na kama ni Mkurugenzi yuko getini?"

"Mkurugenzi anajua utaratibu. Hawezi kupiga simu ambayo hajaizindua."

Bibi akanivuta mkono. "Agnela, saa ya Stanley ni lini?"

"Ni sasa, Bibi. Ibada yao imeshaanza."

Akasimama. 

"Elieza, mwanangu, kifungue hicho kidude."

"Mama, subiri kidogo."

"Mtoto anangoja maji."

"Mama, tukikifungua sasa, mgeni rasmi atakata utepe wa nini?"

"Kwa hiyo mjukuu wako aitwe Detelefu kwa ajili ya kitambaa?"

"Ni utepe, mama."

Bibi alimtazama mwanawe muda kidogo, kama anavyotazamwa mtoto aliyekataa kunawa. Kisha akasema kwa sauti ambayo sebule nzima iliisikia, "Agnela, nipeleke chooni."

Mwenyekiti akaridhia. Choo hakikuwa kwenye Mpango.

Tulipita koridoni, tukapita jikoni, tukapita choo bila hata kukisalimia. Nilimuuliza Bibi kama ana hakika. Alisema, "Tembea." Bandani tulimkuta Anaeli amekaa kando ya ng'ombe na simu ya mezani, wote watatu wakisubiri uzinduzi. Akatufungulia mlango mdogo wa ng'ombe, ule wa kamba. Tukavuka barabara.

Kwenye kibanda cha Loishiye alikuwa amekaa mteja mmoja tu, mtu mzima mwenye suti nyeusi na ua kifuani, anakula mbavu. Nilimtambua kwa picha iliyotundikwa sebuleni kwetu.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi," nilisema.

"Marahaba. Unatoka nyumba ile?" Alinionyesha kwa mfupa. "Nimebonyeza kile kitufe mpaka kidole kimekufa ganzi. Nimepiga honi. Nimepiga simu ya Elieza, haipatikani. Kwani hamsikii?"

"Tunasikia, Mheshimiwa. Inalia vizuri sana. Watu wameipigia makofi."

"Mbona hamfungui?"

"Haijazinduliwa, Mheshimiwa."

"Na anayezindua ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mkurugenzi Thomasi aliacha kutafuna. Aliliangalia geti. Aliuangalia mfupa. Niliona wazo likipanda usoni mwake ngazi kwa ngazi, kama jalada linalotoka ofisi hadi ofisi, likafika juu, likagongwa muhuri.

"Ni sahihi," alisema. "Ningekuwa mimi nisingefungua. Loishiye, niongezee figo."

Mimi nilikuwa na haraka. Nilijiunga na mtandao wa kigeni. Ulinipokea bila kuniuliza jina. Stanley akajaa kwenye simu, nyuma yake kanisa, mishumaa, na mama mmoja wa Kijerumani mwenye miwani, amekaza midomo tayari kusema Detlef.

"Bibi!" Stanley alipaza sauti. "Mnatuua! Mchungaji ameshauliza mara mbili! Wako wapi wengine?"

"Wanapigia simu makofi," alisema Bibi. "Nionyeshe mtoto."

Wakamleta. Mwekundu, amekunja uso, amekunja ngumi. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. Loishiye, ambaye hakuwa ameulizwa lolote, aliona jua linampiga Bibi machoni, akavua shuka lake akalishika juu yake kama paa, huku mkono mwingine ukigeuza figo.

"Koko, kaa hapa, utaona vizuri," alisema, akamsogezea gogo. Koko ndivyo wao wanavyomwita bibi.

"Bibi, sema jina!" Stanley alisema. "Sema Elieza tumalize!"

Bibi aliivuta simu karibu.  Akaangalia ng'ambo ya barabara. Nyuma ya geti lile la chuma simu ilikuwa imenyamaza, na nyumba nzima ya mawe ilikuwa imenyamaza, imejaa watu na nyaya.

"Mtoto akija kwa mara ya kwanza," alisema Bibi taratibu, "anapokelewa mlangoni. Jina la aliyempokea ndilo tunampa. Elieza nimemwita, amebaki na utepe." Akageuka. "Wewe kijana, jina lako nani?"

"Mimi?" Loishiye alishtuka, figo ikaanguka motoni. "Loishiye, Koko."

"Anaitwa Loishiye," Bibi akaiambia simu.

"Bibi!" alisema Stanley. Kisha akacheka, kicheko kile cha utotoni nilichokuwa nimekisahau, akageuka akamwambia mchungaji. Mchungaji akauliza, akajibiwa, akajaribu: "Lo-i-shi-ye." Mama mwenye miwani akajaribu naye, akalipata mara ya kwanza, akatabasamu. Maji yakamwagika. Mtoto akalia. Mkurugenzi Thomasi, kwa mazoea ya kazi, akasimama akapiga makofi akiwa na mafuta mikononi.

Loishiye alikaa chini kwenye makaa, au karibu na makaa. 

Baada ya figo, Mkurugenzi aliomba kuingia kwenye shughuli yake. Nikamwongoza kupitia mlango wa ng'ombe, ambao haukuwa umewekewa teknolojia na kwa hiyo ulifunguka. Alifika sebuleni akiwa na kinyesi kwenye kiatu kimoja. Waalikwa wakasimama. Baba Mdogo alilia kidogo kwa furaha. Hotuba ikasomwa, ndefu, kuhusu utaratibu. Utepe ukakatwa. Mtandao ukawepo rasmi.

Papo hapo televisheni ikaita, kama ratiba ilivyosema. Mawasiliano ya Kwanza Rasmi. Stanley akajaa ukutani, mtoto kifuani.

"Mama, sasa!" Baba Mdogo alinong'ona. "Sema jina!"

"Nimeshasema," alisema Bibi, akachukua soda.

"Baba, hongera!" Stanley alisema. "Loishiye anawasalimu wote."

"Loishiye yuko Ujerumani?" aliuliza Baba Mdogo.

"Ndiye huyu, baba." Akamwinua mtoto karibu na kioo. "Loishiye, mwone babu."

Naomba ieleweke kwamba mtandao haukukwama. Fundi Yona alifanya kazi nzuri. Picha ilitulia, sauti ilifika kila pembe, na jina lilisikika silabi kwa silabi sebuleni, jikoni, na kwa ng'ombe. Mkurugenzi aliusifia ubora huo. Baba Mdogo alikuwa wa rangi ya zege.

"Yona," alisema mwishowe, "hiyo inaweza kufutwa?"

"Mzee, mimi nafuta vitu vya kwenye mashine tu," alisema fundi Yona. "Huo ni ubatizo."

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika kidogo. Kwa desturi yetu, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake huwa ndugu wa nyumba. Loishiye anaingia kwetu bila kubisha hodi, na hakuna anayempeleka mpakani. Wa kwanza kukaa kwenye makochi ya nailoni siku isiyo ya wageni alikuwa yeye, alipoleta paja la mbuzi kumsalimia mama wa ukoo. Na kila Jumapili Baba Mdogo Elieza, Mratibu Msaidizi Mwandamizi, hukaa mbele ya Mtandao Daraja la Kwanza, anasogeza uso kwenye kioo na kuita kwa sauti ya kubembeleza: "Loishiye! Loishiye wa babu! Cheka basi, Loishiye!" Ng'ambo ya barabara wateja huitikia.

Kamati ilikaa kikao cha dharura kunijadili. Mwenyekiti alisoma makosa yangu. Nilimtoa Mlezi nje ya eneo la Mpango. Nilitumia mtandao wa kigeni. Nilimwona mgeni rasmi kwenye mbavu nikamwacha aendelee. Nilijibu kwamba kupokea wageni rasmi ni kazi ya Mwenyekiti peke yake, kwa azimio lake mwenyewe, na kwamba Katibu huandika tu, hapokei wageni. Mama Mdogo alikohoa ndani ya kanga. Bibi alisinzia, au alijifanya.

Mwenyekiti akasema yaishe. Niandike taarifa ya uzinduzi kwa ajili ya umma, na mwishoni mwa taarifa niombe radhi kwa Kamati, kwa Idara, na kwake yeye binafsi, kwa jina lililopotea.

Taarifa ndiyo hii, nimeiandika. Agizo la mwisho nimelipokea, nimelisoma mara mbili, na Kiswahili chake nimekielewa vizuri sana.

Siombi radhi.